Jibini ya Burungu na Salamu Zilizorukwa

Rezo ya simu kijijini kwetu Burungu si ya kutegemea, kwa hiyo masomo ya video nilikuwa nikiyapakua nikishuka Kirotshe, kwenye mtandao mzuri. Darasani niliweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ipae, na wanafunzi wangu wa biashara wakajibana kuizunguka. Hesabu nilizifundisha mwenyewe. Video zilikuwa za kumsikiliza mteja, kujieleza, kukataliwa bila kununa.

Binti mmoja wa wafugaji alizipenda kuliko wote. Mnunuzi wa jibini za mama yake, fromaji kama tunavyoziita, alikuwa amehama, nazo zikawa zinarundikana nyumbani. Akaamua kumwendea mama mmoja mwenye duka, aliyekwisha kusikia sifa za video zetu.

"Mwalimu, tuende wote, lakini usiseme kitu," akaniomba.

Video ilikuwa imesisitiza: usimpotezee mteja muda, sema haja yako mara moja. Basi akaingia dukani, akasimama wima na kikapu chake.

"Mama, nimekuja juu ya fromaji."

Hakuuliza habari za nyumba wala za ng'ombe. Kwetu, anayeingia hivyo amebeba msiba. Yule mama alishika kichwa, akaketi juu ya gunia la maharagwe.

"Yesu wangu! Nani amekufa?"

"Hapana muntu amekufa, Mama."

"Mama yako iko muzima?"

"Iko muzima."

"Na ng'ombe?"

"Ziko zima zote."

"Sasa uko unaniogopesha juu ya nini, weye mutoto?"

Binti akanitazama. Nilikuwa nimeahidi kutosema kitu, nikageuka kuangalia bidhaa. Akavuta pumzi, akatoka nje na kikapu chake. Nikadhani ameshindwa. Kisha nikasikia mlangoni:

"Hodi, Mama! Jambo, Mama! Habari ya nyumba?"

Mama mwenye duka alicheka hadi akajifuta machozi. "Karibu, binti yangu. Wasalimie na wale wa ku video!"

Wakaulizana juu ya watoto, mvua, ng'ombe, na goti linalomsumbua yule mama mwenye duka. Binti alisikiliza habari za lile goti mpaka mwisho, bila kugusa kikapu. Ni mama mwenyewe aliyesema, "Na ile fromaji, iko wapi?"

Akakata kipande, akatafuna polepole.

"Uniletee kila siku ya soko. Lakini uanzie ku mulango."

Tulirudi na kikapu kitupu. Binti alitangulia mbele yangu, akimsalimu kila tuliyekutana naye, pamoja na ng'ombe wake.