Mkalimani wa Theluji

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa Jomvu Kuu kufundisha watu namna ya kutembea kwenye theluji, na sidhani kama amewahi kutokea mwalimu mbaya kunishinda.

Wakati wa vita vya pili vya dunia jeshi lilitupeleka Lebanoni kufanya kazi za kibarua. Nilidhani nchi ya Waarabu yote ni mchanga na tende. Tukapewa mabeleshi na barabara ya mlimani, tuizoe theluji ili magari yapite. Afisa wetu, Mzungu, akatafuta mkalimani. Nikajitokeza haraka, kwa kuwa sikuona pale mwenye Kiswahili cha kunifikia. Kiingereza changu kilitosha kuombea maji tu, lakini hilo sikulisema.

Bahati nzuri afisa alieleza zaidi kwa mikono kuliko kwa mdomo. Theluji mpya iliyoletwa na upepo haishikani na ile ya zamani iliyoganda. Jua likiipiga, au watu wakiikanyaga pamoja, mteremko mzima huporomoka na kumfukia mtu. Basi tuvuke asubuhi mapema, mmoja mmoja, mwenzako akifika ng'ambo ndipo nawe uanze. Kila mtu aburure kamba nyekundu iliyofungwa kiunoni, maana kamba nyepesi hubaki juu na kuonyesha alipofukiwa. Na mtu akichukuliwa, macho yasibanduke pale alipoonekana mwisho.

Nilifasiri yote, ila sikuweza kuacha kutia chumvi. Ilipofika zamu ya kamba nikasema, "Leo sote tu mbuzi wa Idi." Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni jirani yangu wa nyumbani, mtu mzima niliyemwita Ami kwa heshima tu. Siku tulipoondoka mama yake alinishika bega akaniomba nimwangalizie mwanawe. Ami akaikunja kamba yake, akaitia mfukoni. Asiyecheka ni Mrabai mmoja, wa kabila jirani na letu. Yeye aliniuliza tena habari ya macho, apate kuelewa sawasawa, nami nikamrudishia swali lake kwa lafudhi yake mwenyewe ili wenzangu wazidi kufurahi. Hiyo ilikuwa desturi yangu kwake kila siku.

Ami akaanza kuvuka. Alipofika katikati akasimama, akageuka.

"Ewe, hebu njoo hapa mara moja."

Kwetu mkubwa akikuita humuulizi kwa mbali kuna nini. Unaitika labeka, unakwenda mpaka alipo. Sijui kama hata nilifikiri. Mtu aliyetoka kuwaambia wenzake wavuke mmoja mmoja aliitika, "Labeka, Ami," akajiendea kwa adabu zake zote. Vidole vya Ami vilikuwa vimekufa ganzi, na alitaka nimfunge kiatu. Nikainama. Chini yetu ukatoka mlio mzito, kama gunia lililoangushwa ghalani, ufa ukapita mbele ya magoti yangu, na upande wa Ami wote ukaenda naye.

Hapo mwalimu wa theluji nikafumba macho, nikatoa shahada kwa sauti. Nilipoyafumbua Ami hayuko, na sikuweza kuonyesha alipopotelea hata kwa kubahatisha. Kamba yake nayo ilikuwa mfukoni, pamoja na mzaha wangu.

Mrabai hakuwa amefumba macho. Aliteremka huku mkono umenyooka kuelekea mahali pamoja, akachomeka beleshi lake pale, akatuita. Tulichimba wote. Nililia nikichimba, kwa hofu na kwa aibu, kila mara nikiuona uso wa mama yake Ami. Mrabai ndiye aliyelifikia bega. Yeye akakaa kando akihema, mimi nikaondoa kiganja cha mwisho cha theluji usoni. Ami akafungua macho, akaniona mimi.

Vita vilipokwisha tukarudi, na Ami akauhadithia mji mzima nilivyomfukua kwa mikono mitupu. Nilimkatiza mara moja, kwa sauti ndogo, akadhani ni unyenyekevu. Sikurudia. Nilianza hata kupenda namna watu walivyonipisha njiani.

Mama yake akachinja mbuzi, akapika pilau, akaita watu kuomba dua ya shukrani. Akaishika mikono yangu yote miwili, akaibusu mbele ya watu.

"Hii ndiyo mikono iliyonirudishia mwanangu. Mola akuweke."

"Amin, Bibi," nikasema.

Nilikula sahani mbili. Nilipokuwa nanawa, Bibi akanijia na sahani ya tatu iliyofunikwa kawa. Alitaka kujua kama kuna mwenzetu yeyote wa vitani aliye karibu, apelekewe naye chakula cha dua. Mrabai alikuwa amepata kazi ya kibarua bandarini na amepanga chumba Mikindani, jirani na kwetu Jomvu, mwendo wa kwenda kwa miguu. Nilikwisha kumwona mara mbili barabarani, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeanza kunisalimu.

Nikamwambia Bibi kwamba wote wako mbali.