Nyundo Niliyoiomba Mwenyewe

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nalisema hilo mapema ili tuelewane. Mtu aliyeanza na debe moja la vitunguu swaumu, akalibeba kichwani kutoka Tumati mpaka mnadani Dongobesh, na leo ana fuso yake, nyumba ya bati la msauzi na stoo mbili zenye makufuli ya maana, huyo utamshangaza na nini? Nimeona mvua ya mawe ikilaza ekari tatu za shamba kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Fuso ilipolala ubavu kwenye mteremko, watu wakapiga mayowe, mimi nilikaa juu ya jiwe nikamalizia muwa wangu kwanza. Lakini ile Jumamosi ya mkutano wa wazazi, ndugu zangu, nilishangaa mpaka nikasahau jina langu, na aibu niliyoipata bado inasimuliwa huko Katesh na watu ambao hata hawakuwepo, tena wanaongeza chumvi, kwa hiyo ni afadhali mwenye aibu aisimulie mwenyewe.

Kisa kinaanzia kwenye simu. Si simu hizi za kupangusa, nasema kiswaswadu changu cha kwanza kabisa, simu ya kwanza kuonekana kitongojini kwetu. Enzi hizo ukitaka kumpata mtu wa Arusha unampa kondakta wa basi karatasi, halafu unasubiri wiki, na kondakta mwenyewe akipenda. Mimi nikanunua simu. Mtandao ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe moja kubwa kule kilimani, na lazima usimame uso ukiuelekea mlima Hanang, ukigeuka kidogo tu umepotea. Watu walikuja pale na mayai, na maziwa, na hela, wanipe niwapigie ndugu zao. Nikajua bei za Arusha kabla ya wenzangu wote. Hapo ndipo utajiri wangu ulipotoka, sikuiba kwa mtu. Kifuniko cha betri kilipovunjika niliifunga ile simu kwa mpira mwekundu, na mpira haukuwahi kutoka tena.

Sasa kuna jambo moja nililificha miaka yote. Tarakimu nazijua, hesabu usinichezee, naweza kukupigia bei ya gunia kwa kichwa wakati wewe unatafuta kalamu. Lakini herufi hapana. Baba alinitoa shule darasa la pili nikachunge ng'ombe, na herufi nikaziacha hukohuko malishoni. Mama Martina naye hakukanyaga shule. Kwa hiyo meseji zilipoanza kuja kuliko simu za kuongea, aliyeniokoa ni binti yangu Martina. Alikuwa darasa la tatu, anakaa juu ya magunia jioni, miguu haigusi chini, kidole chake kinatembea juu ya kioo: “Bo-si, mzi-go, u-me-fi-ka.” Mimi nasimama pembeni nimekunja mikono kama mtu anayemjaribu mtoto. “Vizuri,” namwambia, “endelea, nakusikiliza kama unajua.” Na yeye anaendelea. Hakuna aliyejua. (Martina alijua. Watoto wanajua kila kitu, wanatustahi tu.)

Zile jioni sijapata tena nyingine kama hizo. Harufu ya swaumu, jua linaingia kwa mlango wa stoo, na kale kasauti.

Kisha akafaulu, akapelekwa shule ya bweni upande wa Hanang. Nilijisifu Dongobesh nzima. Baada ya wiki mbili meseji zikawa ishirini na tatu, zimelala kwenye simu yangu mpya kama barua za serikali, na mimi sijui ipi ya mteja na ipi ya tapeli. Nikafanya uamuzi mmoja mdogo. Nikachukua mche wa sabuni ya kufulia, nikauchonga ndani kwa kisu, nikaweka kile kiswaswadu changu cha zamani, nikaziba kwa sabuni iliyolowana, nikalainisha kwa kidole mpaka ukaonekana kama umetoka dukani leo. Nilipompelekea nikamwambia, “Sabuni hii usifulie.” Akaushika, akaupima uzito, akaniangalia. “Baba, simu hairuhusiwi hapa.”

“Si simu ya kuchezea. Ni ya kazi.”

“Wakinikamata narudishwa nyumbani, baba.”

“Nani atakukamata? Wewe mtoto wangu mimi Safari!”

Basi ikawa hivyo miaka karibu minne. Mimi nilifundishwa kitu kimoja tu, kutuma mbele meseji iliyoingia, unabonyeza mara tatu. Yeye saa kumi jioni, wenzake wakiwa wanafua, anaiwasha nyuma ya mabafu, anasoma, ananipigia, anazima. Mpaka kidato cha nne.

Umebaki mwezi mmoja mtihani wa mwisho, tukaitwa mkutano wa wazazi. Ajenda: je, wanafunzi waruhusiwe kuwa na simu shuleni au la? Bwalo limejaa, na kidato cha nne wameletwa wasimame nyuma wasikie wenyewe. Mimi nimekaa mstari wa mbele (nilishachangia saruji, mtu wa saruji hakai nyuma), koti langu la kijivu, viatu vinang'aa.

Akasimama Mama Debora, muuguzi, mama mwenye maneno yaliyopangwa. Akasema simu ziruhusiwe ila zikae kwa matroni, watoto wapewe Jumamosi, wawapigie wazazi, watafute na masomo humo. “Huko ndiko dunia inakoelekea,” akasema. Mzee Tluway, mzee wetu wa Tumati aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake, akajibu bila kusimama, “Dunia ielekee, hawa wasome kwanza.” Watu wakacheka.

Hapo ningenyamaza. Hakuna aliyeniuliza. Lakini ndugu yenu nikiona watu wamekaa kimya mbele yangu mdomo unawasha. Nikasimama.

“Shikamooni wazee. Mimi ni Baba Martina, Safari wa swaumu, mnanijua, gunia sitini zinaondoka kwangu kila safari. Nasema hivi: simu ni sumu! Sisi tulisoma bila simu!”

Sauti ikatoka nyuma, “Ulisoma mpaka la ngapi, bosi?”

“Tulisoma kwa heshima!” nikamjibu, na makofi yakapigwa. Makofi ni kitu kibaya sana. Ukishapigiwa mara moja unataka tena. Nikaongeza, “Napendekeza simu ikikamatwa ivunjwe kwa nyundo hadharani, na mwenyewe arudi nyumbani aje na mzazi wake! Leo leo ianze!” Bwalo likalipuka. Kura ya mikono ikapigwa, ikapita. Mama Debora aliishia kutikisa kichwa tu, kashindwa. Nikakaa, nikafuta jasho kama mbunge.

Mkuu wa shule, mama mmoja mfupi mpole ambaye wote humwita Madamu, akasema, “Asante sana Baba Martina. Kwa bahati nzuri matroni amekamata simu leo asubuhi juu ya dari la mabafu ya wasichana. Mwenyewe hajajulikana. Kwa kuwa wazo ni lako, njoo utuanzie.”

Wakaleta meza. Wakaleta nyundo. Wakaleta simu, na simu ina mpira mwekundu.

Miguu yangu sijui ilifikaje pale mbele. Nikainua nyundo haraka, nikasema moyoni, niivunje, iishe, nani atajua? Lakini Madamu akanishika mkono taratibu. “Ngoja kwanza. Kuna meseji humu, nimeiwasha. Nimesahau miwani ofisini. Hebu wewe mwenye sauti, tusomee, tujue ni ya nani.”

Nikapewa simu. Watu zaidi ya mia mbili wananitazama. Kioo kimejaa vijidudu vyeusi. Nikakohoa. Nikawaza, mtoto wa kike, simu ya siri, watu watategemea nini humo? Nikisoma kitu cha mbali kabisa na mimi, nani atamhisi Safari? Nikavuta pumzi, nikapitisha kidole juu ya kioo kama nilivyomwona Martina akifanya, na nikasoma, Mungu anisamehe: “Mpenzi wangu… silali kwa ajili yako… tukutane Jumapili baada ya misa. Ni mimi… Joni.”

Kina mama wakashika vinywa. Wavulana wa nyuma wakaguna, “Joni gani tena?” Mimi kidogo nilifurahi, nisiwafiche, kwa jinsi neno lilivyotoka vizuri. Nikainua macho nione lilivyopokelewa, nikakutana na macho ya Martina. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayemwona mzazi wake anakatiza barabara bila kuangalia gari.

Madamu akabadilika. Upole wote ukaondoka. “Kumbe si simu tu. Huyo msichana ajitokeze. Nyumbani anaenda leo na hatarudi hapa, mtihani atajua atafanyia wapi. Asipojitokeza, linaondoka bweni zima.”

Kisha nikasikia viatu. Ni yeye, amenyooka, mikono nyuma.

“Shikamoo Madamu. Simu ni yangu.”

“Martina? Wewe? Na Joni ni nani?”

“Sina la kusema, Madamu.”

Nyundo ikawa nzito mkononi mwangu kama gunia. Mtoto wangu, wa kwanza katika ukoo wetu mzima kufika kidato cha nne, anakubali kufukuzwa kwa ajili ya Joni asiyekuwepo duniani, ili tu baba yake asijulikane. Na mimi bado nimesimama, mdomo umefungwa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko vicheko vyote.

Mama Debora akainuka, akaja, akaichukua simu mkononi mwangu. “Hebu nimwone huyo Joni.” Akasoma kwa sauti ya wodini: “Bosi Safari wa Tumati. Gunia zako sita zimefika. Mbili zimeoza. Nipigie.”

Mtu mmoja akasema, “Sita?” Mwingine, “Si sitini?” Na hapo walicheka, ndugu zangu, walicheka mpaka mabenchi yakalia.

Madamu hakucheka. “Baba Martina, hii haikuandikwa mapenzi. Umesoma nini?”

Kabla sijajibu, Martina akasema harakaharaka, “Madamu, baba macho yanamsumbua. Daktari alimkataza kusoma maandishi madogo.”

Alikuwa ananipa mlango nitokee. Ningeitikia kwa kichwa tu, yakaisha. Lakini nilimwona tena yule wa darasa la tatu juu ya magunia, kidole kikitembea, miguu haigusi chini, na nikaona kumbe miaka yote hii ni yeye aliyekuwa amenibeba.

“Macho yangu ni mazima,” nikasema. “Sijui kusoma. Simu ni yangu mimi. Nilimwingizia kwenye sabuni, niliichonga kwa kisu changu. Aliniambia hairuhusiwi. Amekuwa akinisomea tangu akiwa mdogo. Kama ni kufukuza, nifukuzeni mimi.”

Vicheko vikakatika. Mzee Tluway akainuka safari hii, polepole, kwa fimbo yake. “Hata mimi,” akasema, “barua ya mkutano huu nilisomewa na muuza duka. Endeleeni.” Akakaa.

“Kanuni mmeipitisha wenyewe,” akasema Madamu. “Mwenye simu arudi nyumbani aje na mzazi. Sasa mzazi si huyu hapa, ameshika nyundo? Martina, rudi kwenye mstari. Wewe Baba Martina, vunja simu. Na kila Jumapili ya kutembelea utakuja, utakaa na binti yako pale nje, utasoma yeye akisikiliza. Nitachungulia.”

“Madamu,” nikasema, “ningeweza kununua madawati…”

“Sikukuomba madawati.”

Nikaivunja. Simu iliyonitajirisha, iliyosimama nami juu ya jiwe ikitazama Hanang. Mpira mwekundu uliruka, Martina akauokota. Mtihani alifanya, akafaulu, sasa anasomea ualimu mbali na hapa. Jumapili zile, na hata baada ya kumaliza, alinishika mkono kwenye herufi moja moja, mimi na masharubu yangu, wanafunzi wakipita wanasema “shikamoo mzee” huku wanajizuia kucheka. Siku hizi ananiandikia meseji, nasoma mwenyewe, polepole, kidole juu ya kioo, na nikifika mwisho narudia mwanzo, si kwa sababu sikuelewa.

Mtu akiniuliza sasa kama wanafunzi waruhusiwe simu shuleni, namuuliza kwanza: anayeihitaji ni mtoto au ni wewe? Na mkutanoni sisimami tena mpaka niitwe kwa jina, tena mara mbili.

Kuna wanaosema mkasa ule ulinila mamilioni, eti niliuza fuso kumhonga Madamu. Uongo mtupu, na mimi hesabu nazijua. Simu ilikuwa yangu mwenyewe, nyundo ilikuwa ya shule. Nilichonunua siku ile, kwenye duka la nje ya geti, Martina akinichagulia, ni daftari moja la mia tano, penseli ya mia mbili na kifutio cha mia. Jumla, shilingi mia nane.