Kikombe cha Kahawa Juu ya Injini ya Nayden

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Kikombe cha kahawa kimekaa juu ya injini inayonguruma, na kahawa inaruka ndani yake kama imesikia ngoma. Zdravka Mineva ameinama, mikono nyuma, anakitazama tu. Kikombe kinasogea, kinasogea, mpaka ukingoni. Anakidaka na kupiga funda moja.

"Inatetemeka vibaya, mjomba," anasema. "Na kahawa yenyewe imepoa."

"Achana na kahawa!" Nayden Kolev anajibu, kofia mkononi. "Niambie kama nitamfikisha mwanangu."

Hapo ndipo penye kazi. Jumamosi anaolewa Bistra, binti pekee wa Nayden. Huku milimani juu ya mji wa Troyan, bibi harusi akishatoka kwa baba yake, gari halisimami mpaka mlango wa manispaa, ndoa inapofungwa. Likizimika njiani ni mkosi, na mashangazi wa pande zote mbili watausimulia mpaka wajukuu waote mvi. Gari la kijani la Nayden, rika la bibi harusi mwenyewe, wiki nzima linazimika kila likikanyagwa breki.

"Si ukodi jingine?" Zdravka anamchokoza.

"Nikodi? Bistra nilimtoa hospitali kwa hili hili, kafungwa blanketi la manjano. Alitapikia kiti cha nyuma. Alama ipo, njoo uione."

"Nakuamini, mjomba. Nakuamini kabisa."

Zdravka ana miaka arobaini na moja. Zamani alikuwa fundi wa cherehani katika kiwanda cha mashati. Kiwanda kilipofungwa, akahamia injini. Karakana yake ni banda lililokuwa la kupokelea maziwa ya kijiji, na siku za joto bado linanuka jibini.

"Cherehani ikilalamika unaisikia vidoleni," anasema. "Gari nalo ni hivyo hivyo, ila linachafua zaidi."

Taa ya njano ya injini inapepesa. Nayden anasema fundi mmoja wa ng'ambo ya mto aliiona akatoa hukumu papo hapo: masega yamekufa. Masega ni kile kisanduku kwenye bomba la moshi, ndani kimetobolewatobolewa kama sega la nyuki, kazi yake kusafisha moshi. Dawa aliyoitaja ni kuyang'oa na kuweka bomba tupu.

"Na harusi nzima ivute moshi?" Zdravka anauliza. "Masega yakitolewa, injini itatulia kwa sababu gani? Unamfukuza mfagiaji kwa kuwa nyumba ni chafu!"

Anazima injini na kuingia uvunguni, mgongo juu ya kipande cha boksi. Miaka kumi na moja sasa, kazi zake nyingi amezifanya akiwa amelala hivyo, na kipupwe baridi ya sakafu ile hupenya mpaka kwenye mifupa. Anagonga masega kwa nyundo ya mpira, sikio karibu. Yangekuwa yamevunjika, yangelia kama kokoto ndani ya kopo. Hayalii.

"Yapo mazima," sauti yake inatoka chini. "Lakini yanakula petroli ambayo haikuungua. Wiki moja zaidi ya namna hii yangeyeyuka kama mshumaa."

Sasa anamtafuta mwenye kosa. Anawasha tena, anachomoa waya za plagi mojamoja kwa koleo la mpini wa mpira. Injini ingekuwa na silinda moja mbovu, kuchomoa waya wake kusingebadili kitu. Lakini hapa kila waya ukitoka, injini inalegea zaidi, na ukirudi, inamisi, yaani inakosa pigo, huku na kule, mara silinda hii, mara ile.

"Silinda zote nne zinaugua kwa zamu," Zdravka anasema polepole. "Basi zimekula chungu kimoja."

Anachota petroli kutoka chini ya tangi, anaimimina kwenye chupa ya kioo na kuiweka dirishani. Kabla kahawa mpya haijachemka, chupa imejigawa: petroli juu, kitu kingine chini, cheupe kama maji. Anakinyonya kwa bomba la sindano, anakinusa. Anamgeukia Nayden.

"Mjomba. Hii ni plamu."

Nayden anatazama buti zake.

"Mjomba!"

"Rakia," anasema. "Ile ya Bistra."

Mtoto akizaliwa huku, baba hutenga rakia, pombe kali ya matunda ya plamu ya mwaka ule, isubiri harusi yake. Jumapili iliyopita Nayden alifungua chupa ya kwanza aionje. Akaitazama. Kisha akalitazama gari.

"Nikasema, na hili ni ndugu. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Halistahili hata kuonja?"

"Kuonja! Umelinywesha kiasi gani?"

"Chupa." Anakohoa. "Nzima. Tangi lilikuwa karibu tupu, nikajua litalewa upesi."

Zdravka anakaa chini juu ya tairi, anacheka mpaka machozi. Nayden anajaribu kununa, anashindwa, naye anacheka.

"Usimwambie Radka," anaomba. Radka ni mkewe.

"Shangazi hatasikia kwangu. Ila tangi likifunguliwa, kijiji kizima kitanusa."

Tangi linamwagwa na kukaushwa, plagi zinabadilishwa, petroli safi inaingia. Jioni Zdravka analipandisha gari mlima mzima kwa kasi, masega yapate moto wa kutosha kujisafisha. Taa inazimika. Anaporudi anaweka kikombe juu ya injini. Kahawa imetulia, hata unaona boriti za banda ndani yake.

Nayden anavaa kofia, anaivua tena, anambusu Zdravka kwenye paji la uso lenye grisi.

Jumamosi saa nne, honi zinasikika kutoka juu. Gari la kijani linatangulia, riboni puani, Nayden amenyooka kwenye usukani kama askari wa gwaride. Halisimami, linapunguza mwendo tu. Bistra anatoa mkono dirishani na chupa, na Zdravka, katika gauni lake la harusi za watu, inabidi akimbie kando ya gari ili aipokee.

"Ya kunywa watu!" Bistra anapiga kelele. "Mama kaniambia niseme hivyo!"

Chupa hiyo sasa iko rafuni, haijafunguliwa. Zdravka anaweka akiba anunue lifti ya kunyanyulia magari, na anatumaini kuwa nayo kabla theluji haijaanguka, aage sakafu na boksi lake.

"Siku lifti itakaposimama hapa, ndipo tutaifungua, kijiji kizima," anasema, akiifuta vumbi. "Na gari la kwanza kuipanda halitapewa hata tone."