Ridhaa ya Mke wa Mtu

Mimi ni wakili wa benki, tena nimelelewa Bagamoyo, mji ambao mtoto wa kiume hufundishwa mapema asimkodolee macho mke wa mtu. Nilidhani mambo haya mawili hayagombani. Kumbe!

Mtu akitaka mkopo kwa rehani ya nyumba ya ndoa, mkewe lazima aridhie. Anatia saini mbele yangu, nami nagonga muhuri. Siku moja akaja ofisini muuza samaki wa Zinga, anataka mkopo wa friza kubwa. Kafuatana na mkewe aliyevaa nikabu, macho tu ndiyo yanaonekana. Kitambulisho cha mke kina picha, na kazi yangu ni kuilinganisha na sura. Sasa nimwambie mke wa mtu afunue uso, mumewe kakaa pale pale? Ulimi ukawa mzito. Nikaishia kutazama mikono yake, imechorwa kwa piko, ile rangi nyeusi ya urembo, mpaka viwikoni, maua mazuri ajabu, nikagonga muhuri. Nilijiona muungwana kwelikweli.

Zikabaki picha za nyumba tu, benki itoe mkopo. Nilimwambia yule bwana nitafika Ijumaa, lakini Alhamisi nilikuwa na kiwanja cha kukagua Makurunge, nikaona nimalize yote siku moja. Nikapiga hodi Zinga. Akanikaribisha mama mmoja aliyekaa mkekani, mguu umefungwa bendeji mpaka gotini.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye wakili wa benki. Ahsante kwa kuja kusaini juzi."

"Marahaba. Kusaini wapi, baba? Mguu huu wiki ya tatu haujavuka kizingiti."

Nikaitazama mikono yake. Haikuwa na hata alama ya piko. Nikamweleza yote, pamoja na yale maua ya piko. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Huyo wifi yangu. Katoka harusini juzijuzi."

Kisha akaichukua mkononi mwangu ile karatasi ya ridhaa, akaisoma taratibu. Akaniambia nusu ya matofali ya nyumba ile yalitokana na vitumbua alivyouza. Niliogopa, nasema kweli. Biashara ya samaki ikilala, mama huyu angetolewa nje kwa muhuri wangu. Nikaipigia benki pale pale, nikawaambia wasimamishe kila kitu, kosa ni langu.

"Hilo friza nilimshauri mimi," akasema. "Angeniomba, ningesaini hapa hapa nilipokaa. Sasa aje aniombe, nitamsikiliza."

Nikashusha pumzi, nikidhani yamekwisha. Akanimiminia chai, akanisogezea kikombe.

"Na wewe, baba. Kumtazama mwanamke usoni uliona haya. Kuniwekea nyumba yangu rehani hukuona?"

Nilitaka kumwomba radhi, chai ikanipalia.