Upande wa Yusta Sokoni Titye

Siku hizi Yusta ni mwalimu wa baiolojia Kibondo, na ana jicho la kunyamazisha darasa zima bila kuinuka kitini. Lakini mguse habari za mwaka 2014, alipokuwa kidato cha tatu Kasulu mjini, uone anavyolegea. Atakuambia maisha yalikuwa yale: baridi ya asubuhi, nyimbo za bwenini, uji mtamu. Uji mtamu! Uji ule ulikuwa na wadudu, na aliyeulalamikia kuliko wote ni yeye. Ndivyo moyo ulivyo, ukiipenda zamani unaipenda na wadudu wake.

Mwaka huo mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba. Ndizi zinaiva kabla ya siku zake, ukizikata unakuta zimeoza ndani. Mwalimu Elisante, Mchaga aliyehamishiwa huko, mtu ambaye ukimgusia migomba umemgusia ukoo wake, akaunda timu ya wanafunzi watatu. Akawaeleza kwamba wataalamu wenyewe wanabishana. Kuna wanaosema mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina zima, mama, watoto na wajukuu, ardhi ipumzike. Wengine wanasema hapana, kata ule unaougua tu, pitisha panga motoni, wengine waache waishi. Kazi ya timu ilikuwa kwenda sokoni Titye kuwaeleza watu ubishi huo, pande zote mbili, bila kuficha kitu.

Wakapiga kura ya kugawana kazi. Rabia, binti wa mwenye duka la vitenge, akapata kuchora picha kwenye manila. Longinus, kijana wa Manyovu mwenye mdomo mwepesi, akapata kutetea kukata. Yusta akapata kung'oa.

Moyo ukampasuka. Titye ndiko kwao, na mama yake, Verediana, alikuwa mjane anayeishi kwa migomba iliyo nyuma ya nyumba. Migomba hiyo ndiyo iliyomvalisha Yusta sare, ndiyo iliyomlisha tangu baba yake alipofariki, na ugonjwa ulikwishaonekana upande wa bondeni. Yusta alikuwa anaomba usiku na mchana mama asikie ile njia ya kukata, abakiwe na kitu.

"Mwalimu, naomba nibadilishane na Longinus," akasema.

"Kura ni kura," mwalimu akajibu. "Ukitetea unachokipenda tu, hiyo si sayansi, ni unazi wa mpira."

Siku ya soko ikafika. Yusta hulikumbuka lile soko mpaka leo, harufu ya dagaa na mihogo mibichi, akina mama waliokaa juu ya magunia, na Verediana mbele kabisa, kajifunga kitenge chake cha kanisani. Mwalimu alianza kwa kuwaambia watu kwamba wanafunzi wamegawiwa pande kwa kura. Longinus akamwaga Kiswahili cha redioni, watu wakacheka na kupiga makofi. Yusta alipoanza, Kiswahili kilimpiga chenga. Akahamia Kiha cha nyumbani, na hapo, loo, soko likatulia tuli! Akawaambia ugonjwa unajificha ndani ya shina hata kama majani bado yanang'aa, na panga uliloazima kwa jirani linaweza kukuletea msiba nyumbani. Hata muuza dagaa aliacha kufukuza nzi.

"Haya," mwalimu akasema, "kila mtu aende kusimama kwa yule anayemkubali."

Kwake yeye huo ulikuwa mchezo wa darasani. Maskini, hakuwajua watu wa Titye. Pale, mtu akisimama mbele za watu amekwisha kutoa neno, na neno likishatoka halimezwi. Sasa nani ana wazimu wa kuahidi kung'oa migomba yake? Wakamiminika wote kwa Longinus, pamoja na mlevi mmoja ambaye hakuwa amesikia chochote. Yusta akabaki peke yake katikati ya uwanja, manila mkononi, machozi yakimlengalenga.

Ndipo Verediana, ambaye alikuwa bado hajaondoka alipokaa, akainuka. Akakung'uta kitenge, akakatiza uwanja taratibu huku watu wakimtumbulia macho, akaja akasimama kando ya binti yake.

"Mama, rudi," Yusta akanong'ona. "Mama, nakuomba, rudi kule."

Hakurudi.

Likizo ya Desemba Yusta alifika nyumbani akadhani amepotea njia. Nyumba ya jirani, ambayo tangu azaliwe hakuwahi kuiona akiwa kwao, ilikuwa inaonekana waziwazi kutoka jikoni kwao. Migomba hakuna. Pale iliposimama palikuwa na maharage, ndiyo kwanza yanatoa majani, na Verediana akiyapalilia. Akakaa chini akalia kwa sauti, kama mtu aliyefika msibani.

"Mama, ule ulikuwa mradi wa shule! Mimi mwenyewe sikuwa naamini. Upande ule nilipewa kwa kura!"

"Nilimsikia mwalimu akisema," Verediana akajibu huku akiendelea kupalilia.

"Sasa umeng'olea nini?"

"Si nilisimama mbele za watu?"

"Na kwa nini ulisimama?"

Verediana akaacha jembe, akamtazama yule msomi wake kama anayemhurumia.

"We mtoto nawe," akasema. "Kwani nilisimamia migomba? Nilikuona uko peke yako."