Maharagwe, Mtama na Uji wa Bibi

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha kwamba Waingereza, mtu akitoa siri, husema amemwaga maharagwe. Darasa zima tulicheka. Niliporudi nyumbani Makorora nikamsimulia bibi, mama yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki.

"Maharagwe?" akauliza. "Kwani kwao hakuna kuku? Sisi twasema penye kuku wengi usimwage mtama. Nawe wako ushike vyema."

Mtama wangu aliujua yeye peke yake. Nilikuwa nimevunja ungo. Miaka ile ya hamsini, binti wa kwetu akishavunja ungo huwekwa ndani, na shule ndiyo kwaheri. Nami nilikuwa sijafanya mtihani, na niliutaka mtihani ule kuliko hata nguo ya Idi. Bibi, ambaye hakusoma zaidi ya chuoni kwa maalimu wa Kurani, alisema neno moja tu: "Utaufanya."

Tatizo lilikuwa swala. Baba mguu wake ulikuwa mbovu, kwa hiyo magharibi alituswalisha nyumbani, na siku zangu za mwezi zikifika, ambazo mwanamke haswali, sikuweza kusimama nao. Bibi akabuni uji. Adhana ikilia tu, hunituma jikoni: "Kakoroge uji, utaswali baadaye." Baba hakuuliza kitu. Mimi na bibi tukajiona tumemweza.

Kisha akaja shangazi kutoka Mkwaja, dada yake baba, mwanamke asiyepitwa na jambo. Jioni ya kwanza tu akaanza.

"Kaka, mwana huyu keshakua. Mbona angali nje?"

Baba akaendelea kunywa kahawa yake. Adhana ikalia. Shangazi akatandika mkeka, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake. "Njoo uswali nami, mwanangu."

Nami nilikuwa katika siku zangu. Nikamtazama bibi. Alikuwa amekwisha kujifunga ushungi, ameduwaa, na uji wa kunituma hakuuweza tena mbele ya macho ya bintiye. Nikaona shule inaniponyoka hivi hivi, na machozi yakanilenga.

Baba alikuwa amekwisha kuelekea kibla. Hakugeuka.

"We mtoto, kakoroge uji wa bibiyo, usije ukaungua. Utaswali baadaye."

Nikaenda mbio. Jikoni hapakuwa na moto. Siku hiyo hakuna aliyebandika uji.