Mashine Iliyokuwa Mama Mkwe

Kabla ya hofu kuingia kiwandani, mashine zetu tulizitukana. Yangu ilikuwa na tabia ya kukata uzi, na kila ikikata niliipiga teke ubavuni na kuiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hakuna aliyeshangaa. Ukumbi wa kufumia, pale Thika, ulikuwa na kelele za kutosha kumeza matusi ya wote.

Halafu kitambaa chetu kikakosa wanunuzi. Mitumba ilijaa kila mahali. Mimi mwenyewe Jumamosi nilikuwa sokoni nikivutana na muuzaji juu ya sketi ya mitumba, na Jumatatu narudi kufuma kitambaa ambacho hata mimi singekinunua. Spea zikaacha kuagizwa. Ndipo ikaja sheria ambayo haikubandikwa ukutani lakini kila mtu aliijua: mashine ikiharibika, haitengenezwi. Fundi anaichora msalaba wa chaki, anaifungua, anatoa vipande vizima awekee zingine. Na aliyekuwa akiiendesha anaenda nyumbani.

Nilikuwa na chumba kimoja Makongeni na watoto wawili ndani yake, na hakuna mwingine aliyekuwa akileta unga. Basi kila asubuhi nikiingia ukumbini nilihesabu mashine zinazolia kuanzia mlangoni, kisha nikifika kwangu nazihesabu tena nikianzia upande ule mwingine, labda mlango umenidanganya. Mlango haukuwahi kunidanganya.

Sijui nani alianza kusalimia mashine. Nakumbuka tu kwamba mwanamke wa nyuma yangu alianza kuipangusa yake kwa leso, taratibu, kama anayempangusa mtoto kamasi. Mwingine aliiwekea mkono na kuiombea kabla ya kuiwasha. Mimi ni mtu wa soko, kwa hivyo yangu nilibembelezana nayo bei. "Mama, tusikilizane. Nimalizie huu mwezi tu. Ule mwingine tutaongea." Mateke yaliisha. Lakini salamu nazo zilihama: asubuhi watu walipita wakinyamaza, macho chini, kila mmoja akikimbilia kuuliza chuma chake kimeamkaje. Wengine walianza kunong'onea supavaiza kwamba mashine ya fulani haisikiki vizuri. Fundi akipata kipande huko, si hatakuja huku?

Jirani yangu upande wa kulia alikuwa mzee aliyetoka Ruiru kila siku kwa gari la wafanyakazi. Yeye mashine yake aliiita mama mkwe. Mwanzoni ilikuwa mzaha.

"Mama mkwe hatusiwi," aliniambia. "Hata akikosea."

Kisha akaanza kuvua kofia akiikaribia. Saa ya chai akawa anabeba mandazi yake na kwenda kutafunia nyuma ya nguzo, kwa sababu kwao mwanamume hali mbele ya mama ya mke wake. Tulimcheka sana. Wiki iliyofuata niliona watu wengine wawili nyuma ya hiyo nguzo na vikombe vyao, na hakuna aliyekuwa akicheka.

Yangu ilianza kugonga wakati wa mvua. Ko, ko, ko, mahali fulani ndani, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Ukumbi ungekuwa bado umejaa kelele, nani angesikia? Lakini kila mashine iliyochorwa msalaba iliacha kimya chake, na kimya hicho kilikuwa kikisogea upande wangu.

Mzee alisikia. "Jirani, ako na kikohozi."

"Nani?"

"Huyo wako."

"Ni homa tu. Utanichongea?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Aii! Mimi niende kusema mama ya mtu ni mgonjwa?"

Nilikaribia kumwamini. Usiku bado nilisikia ko, ko, kumbe ni mabati.

Yeye hakuwa na shida ya kugonga. Shida yake ilikuwa adabu. Alianza kuja na chupa ndogo ya mafuta ya mashine, akiinunua mwenyewe, na kila asubuhi anamimina kabla ya kuwasha.

"Mzee, hiyo mafuta imezidi. Ona, inadondoka."

"Wewe huenda ukweni mikono mitupu?"

"Siendi kila siku!"

"Ndiyo maana wako anakohoa."

Siku fundi alipokuja na chaki nilijua amenijia mimi. Alisimama katikati yetu, kichwa ameinamisha, akisikiliza. Ko, ko, ko. Nilimwambia Mungu bei yangu ya mwisho. Kisha supavaiza akatokea amekumbatia jora la kitambaa, akalifungua palepale sakafuni. Matone ya mafuta yalikuwa yamelifuata mwanzo hadi mwisho. Jora lilikuwa la mzee.

Msalaba ukachorwa kwa mama mkwe.

Fundi alipoanza kuifungua, mzee aligeuka akaipa mgongo, kofia usoni.

"Mzee, kwani nini?"

"Mfunike kwanza. Mimi siwezi kumwona hivyo."

Fundi alicheka. Halafu akaona kofia inavyotetemeka, akaacha kucheka. Alichukua gunia akalitandika juu ya mashine, akafanya kazi mikono ikiwa chini yake, kwa kupapasa. Alitoa gia moja, akaipangusa, akanigeukia.

"Mama, si ni yako inagonga? Nimeisikia kitambo. Nilikuwa nangoja nione ni gani kati ya hizi mbili itaanguka."

Alisema kama mtu anayeulizia sukari. Nikasogea kando kumpisha.

Gia ilipoingia, kugonga kuliisha. Mzee alisogea, kofia mkononi, akasikiliza yangu kwa muda mrefu.

"Amepoa," alisema. Akanipa ile chupa. "Usimpee mingi."

Kisha akanipa mkono. Ulikuwa mkono wa kwanza kunisalimia ndani ya ukumbi ule kwa muda mrefu, na ulikuwa wa kuaga.

Asubuhi iliyofuata nilihesabu zinazolia, mara mbili. Upande wangu wa kulia palikuwa na gunia. Nilitaka kuongea na mashine yangu kama kawaida. Sikujua tena namwongelesha nani. Nikageuka nikamsalimia mwanamke wa nyuma yangu: "Habari ya asubuhi?"

Aliruka. Kwanza aliangalia mashine yake, kisha yangu, kisha mimi.

"Kwani umesikia nini?" aliniuliza.